Mchezo wa semina umetuvurugia kikundi, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Nina miaka 31, nauza vitenge na mitumba sokoni. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana mwenyekiti wangu anasema jambo lenyewe ni dogo, na mimi usingizi hauji.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wazima, wengi wakulima wa mahindi na mpunga, na akina mama wa sokoni. Mwaka jana tulipomaliza kugawana, wengine walijitoa, tukabaki 13. Wakati huohuo kulikuwa na vijana 14 waliotaka kuanzisha kikundi chao: waendesha bodaboda, mafundi simu, mabinti wa saluni na mama lishe wawili. Afisa maendeleo ya jamii wa kata akatushauri tuungane tupate nguvu. Tukakubali. Sasa tuko 27, lakini kwa kweli ni vikundi viwili vinavyotumia sanduku moja. Wazee wanakaa chini ya mwembe, vijana wanakaa kwenye pikipiki zao. Fedha zikishahesabiwa, kila upande unaondoka na mazungumzo yake. Kuna wazee hawajui jina hata moja la kijana. Wanawaita "nyie wa bodaboda" au wanawataja kwa namba zao za uanachama.

Mwezi uliopita nilichaguliwa kwenda semina Morogoro mjini. Wawezeshaji wa pale walituchangamsha sana, Shangazi. Makofi ya kilo, nyimbo, michezo ya kufahamiana. Siku ya pili tu, watu ambao hatujawahi kuonana tulikuwa tunataniana kama tuliosoma pamoja. Nikasema, hiki ndicho kikundi changu kinachokosa. Nikarudi na daftari limejaa michezo.

Mkutano uliofuata nikaomba dakika 20. Mchezo wa kwanza, tusimame duara, kila mtu anyooshe mikono na kushika mikono ya watu wasio jirani zake, halafu tulifungue hilo fundo bila kuachiana. Akina mama watatu wakarudi kukaa palepale. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi mikono ya vijana wa kiume siishiki." Bibi mwingine magoti yanamsumbua. Likabaki fundo la vijana watupu, wanacheka wenyewe.

Nikabadilisha. Mchezo wa pili ndio ulioharibu. Kila mtu ataje mambo matatu ya maisha yake, mawili ya kweli na moja la uongo, wenzake wabashiri uongo ni upi. Nikamwanzia mzee mmoja ambaye ndiye mwasisi wa kikundi. Akanitazama, akasema, "Katibu, unataka niwadanganye watoto wa umri wa wajukuu zangu, tena mbele ya sanduku la fedha?" Vijana wakaangua kicheko, naye akaona anachekwa yeye.

Nikaruka upesi kwa binti mmoja wa saluni. Akasema, "Nimezaliwa Mikumi. Nimemaliza kidato cha nne. Nimewahi kupanda treni mpaka Kigoma." Kabla sijafungua mdomo watu wakapaza sauti, tena wa pande zote mbili, Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu tuungane wakasema kitu kimoja: "Hilo la kidato cha nne!" Kumbe uongo ulikuwa treni. Binti akatabasamu, akakaa. Tangu siku hiyo haji mkutanoni. Fedha za hisa zake anamtuma jirani.

Wiki tatu zijazo tunatakiwa tuunde makundi ya watu watano watano, wale wanaodhaminiana mikopo. Mwenyekiti anataka tuhesabu moja mpaka tano tumalize, na michezo ya watoto nisiilete tena. Vijana wanasema kila mtu achague watu wake. Mimi naona hakuna anayemjua wa upande wa pili kiasi cha kumdhamini. Je, michezo niachane nayo kabisa? Na yule binti nimrudisheje?

Katibu, Kilosa

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na binti, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja mkutano ujao na la kwake haliwezi. Nenda kwake kwa miguu yako. Usimpigie simu, wala usiandike neno kwenye kundi lenu la WhatsApp. Usimfuate saluni akiwa anamsuka mteja, maana hapo atakuitikia "hamna shida" ili uondoke. Nenda jioni nyumbani, uongozane na mama mmojawapo wa upande wa mwembe, na kama unamkumbuka mmoja aliyepaza sauti siku ile, basi awe huyo. Usimweleze mchezo ulikuwa na maana gani. Mwambieni tu kwamba mlimdhania vibaya, kwamba kiti chake kiko wazi, na yule mama ndiye atangulie kuzungumza, kwa sababu kilichomuuma binti si mchezo wako, ni zile sauti.

Kitu kimoja usikifanye kabisa: usisimame mkutanoni kumwomba radhi hadharani. Ukitamka mbele ya watu 27 kwamba "tunamwomba radhi fulani kwa kudhani hakumaliza shule", hata waliokuwa wamesahau watakumbuka, na waliochelewa siku ile watapata habari. Baadaye, nafasi ya mhesabu fedha ikitokea, mtu wa upande wa wazee apendekeze jina lake. Lakini isiwe siku ya kwanza ya kurudi kwake, isije ikaonekana mnamlipa fidia.

Sasa mchezo wenyewe. Hauna dhambi. Tatizo ni kwamba umeutoa semina, ambako wote mlikuwa wageni, posho moja, chai moja, na baada ya siku chache kila mtu anashika basi lake. Mtu akidhaniwa vibaya pale, aibu inaishia stendi. Kwenu watu wanakutana kila wiki, wanapishana sokoni, kuna anayemdai mwenzake na kuna waliowahi kukosana kwa mpaka wa shamba. Neno likitoka halina pa kwenda.

Halafu mchezo huo unafanya mambo mawili ambayo watu wa sanduku hawayahitaji. Unampa sifa anayedanganya bila kushtukiwa, na unawataka wengine wamkadirie mtu kwa sura na kazi yake. Binti wa saluni alikadiriwa, basi. Utaratibu wenu wa sanduku ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukiwahusu wanawake wa vijijini ambao wengi wao hawakuwa na nafasi ya shule. Ndiyo maana makufuli ni matatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, fedha zinahesabiwa mbele ya macho yote, na salio la mfuko wa jamii linatamkwa kwa sauti ili kila mtu aende nalo kichwani. Kila kitu kimepangwa ili pasiwe na haja ya kubashiri nani anasema kweli. Mzee wako aliliona hilo papo hapo na akalisema kwa sentensi moja. Wewe ulidhani amekataa kuchangamka. Mimi nakuambia ndiye aliyeelewa mambo kuliko sote.

Kwa hiyo hapana, usiachane na michezo. Achana na ile inayomweka mtu mmoja katikati ili wengine wamhukumu. Na ile ya kushikana mikono waachie vijana wakiwa peke yao. Mahali penye akina mama wanaojisitiri, wazee wenye magoti mabovu na wengine wana watoto mgongoni, mchezo wa mwili unawagawa watu kabla haujaanza. Uliona mwenyewe, mlipomaliza fundo lile vijana walikuwa wamezidi kuwa vijana na wazee wamezidi kuwa wazee.

Usidhani pia kwamba dawa ni ule mtindo wa kila mtu asimame, aseme jina lake, anakoishi na kazi yake, mpaka duara liishe. Watu 27 wakijitambulisha hivyo, nakuhakikishia jioni hakuna atakayekumbuka majina manne. Mwaka 1973 mtafiti mmoja, Malcolm Brenner, alionyesha kwamba watu waliopangwa kusema kwa zamu hawakumbuki vizuri yaliyosemwa na mtu aliyewatangulia. Anayengoja zamu anapanga maneno yake moyoni, masikio yako wazi lakini hayapokei kitu. Kwa hiyo unajua sababu ya wazee kukaa na vijana miezi yote hii bila kushika jina hata moja, ukiongeza na huko kuitana namba.

Namba zina kazi yake, sizikatai, zinarahisisha kitabu chako. Lakini anza hivi mkutano ujao: ukiita "namba kumi na mbili", anayejibu si namba kumi na mbili, ni aliyekaa kulia kwake, naye anajibu kwa kutaja jina la huyo jirani. Asiyelijua anamgeukia na kumuuliza palepale, halafu analitaja. Haichukui muda, haimwaibishi mtu, na kwa kuwa kila mtu atajua litamfikia, wataulizana majina kabla sanduku halijafunguliwa. Ukiona kila mtu anajibiwa na rafiki yake yuleyule, ujue bado mwembe na pikipiki havijaungana; sogeza mabenchi.

Mkutano huohuo, wapange wawiliwawili, mmoja wa mwembe na mmoja wa pikipiki. Wewe ni wa 27, wewe huna mwenzio, wewe ndiye mwezeshaji; vijana watazidi kidogo, kwa hiyo jozi moja itakuwa ya vijana wawili. Na binti akiwa bado hajarudi, ingia wewe mwenyewe uwe mwenzi wa atakayebaki peke yake. Wape kama dakika tano waulizane, kisha kila mmoja amtambulishe mwenzake, si yeye mwenyewe. Hapo mtu analazimika kusikiliza, maana atasema maneno ya mwenzake mbele ya mwenyewe. Mwanamke apewe mwanamke na mwanamume mwanamume pale idadi inaporuhusu, hata kama utaratibu wa semina haukusema hivyo.

Maswali ndiyo yenye kazi. Swali zuri la siku ya kwanza ni lile ambalo aliyesoma na asiyesoma, mwenye watoto na asiye nao, wanalijibu kwa usawa. "Kazi unayoifanya sasa, nani alikufundisha?" ni swali zuri, utashangaa mkulima na fundi simu watakavyokuwa na mengi ya kufanana. "Kuna kitu gani sokoni ukikiona lazima ukinunue?" ni jepesi na linachekesha. Maswali ya elimu, idadi ya watoto, ndoa, dini na kipato yaache. Kuna mtu amezika mtoto, nawe unamuuliza ana watoto wangapi huku watu wanasubiri wacheke.

Na uende polepole. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake huko Marekani waliwakalisha wawiliwawili watu wasiojuana, wakawapa maswali 36 yaliyoanza na mepesi na kuzama kidogo kidogo, kwa dakika 45 hivi. Watu wale waliondoka wakijiona wako karibu zaidi kuliko wenzao waliopewa maongezi ya juujuu. Siri mojawapo pale ni kwamba wote wawili walijibu, hakuna aliyekuwa mwulizaji tu. Usijaribu maswali 36 chini ya mwembe, watakukimbia, ila kanuni ichukue: anza wewe mwenyewe kujibu, jibu lako liwe na kimo ambacho ungependa wenzako wakifikie, na anayesema "mimi napita" apite bila kuulizwa sababu.

Sasa kuhusu mzee. Unaniambia vijana walicheka naye akachukia, lakini umesahau alichokisema: "watoto wa umri wa wajukuu zangu". Mwanangu, huyo amekupa mlango! Katika makabila yetu mengi babu na mjukuu ni watani. Baba hataniwi, mjomba kwa kiasi, lakini babu anamwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na mjukuu wa kiume "mwizi wa wake zangu", na mjukuu anamjibu kwamba babu kazeeka awaachie vijana uwanja. Huo ni utaratibu wa heshima, una mipaka yake na kila mtu anaijua. Wazee na vijana wako hawana haja ya mchezo wa kigeni wa kuwafanya wacheke pamoja. Wana haja ya mtu wa kuwakumbusha kwamba wao ni babu na wajukuu, na kazi hiyo mpe mzee mwenyewe.

Mpe vitendawili. Mwendee kabla ya mkutano umwombe afungue kikao kwa vitendawili vitatu tu. "Kitendawili!" wote "Tega!" "Kuku wangu katagia mibani." Wenye simu watahangaika, mama mmoja atacheka kwa kuwa analijua jibu, na wakishindwa mzee atadai apewe mji. Hapo uongeze kitu kidogo. Badala ya kumpa mji wowote, kijana aliyeshindwa ampe kijiji alikozaliwa yeye, na aseme jambo moja ambalo watu wa huko wanajulikana nalo. Mzee ataupokea mji, atausifia au atautania, kisha atoe jibu (nanasi, kama ulikuwa umeshasahau). Angalia kilichotokea: kijana kajitambulisha bila kusimamishwa, na mzee ambaye juzi alichekwa leo ndiye anayetega.

Ukiona limekolea, mkutano wa pili chora ramani chini kwa kijiti. Weka jiwe katikati, hapo ni Kilosa. Huku Dodoma, kule Iringa, huku Dar es Salaam na pwani. Kila mtu akasimame alikozaliwa. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa palepale watajaa kuzunguka jiwe, wengine watatawanyika, na utani utaanza wenyewe bila wewe kuuita, kwa sababu Mhehe akimwona Mngoni hawezi kunyamaza, wala Mpare mbele ya Mchaga. Hao Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wanaibiana kuku msibani na hakuna anayekwenda polisi. Wewe uliza mahali tu, usiulize kabila. Na utani ukigusa ugonjwa, ugumba au umaskini wa mtu, ukate palepale kwa wimbo. (Msomaji wangu wa Kenya, Rwanda au Burundi, mchezo wa ramani upime kwanza kwa kwenu. Mahali ambapo swali "unatoka wapi" liliwahi kumgharimu mtu maisha, si swali la kuchangamshia kikao.)

Hata hivyo, nikuambie ukweli, kucheka pamoja hakutoshi kumfanya mtu amdhamini mwenzake shilingi laki tano. Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, mtafiti mzaliwa wa Uturuki, Muzafer Sherif, aliwapeleka kambini wavulana 22 wa miaka kama 11, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha mpaka wakachukiana hasa. (Watoto hawakuambiwa kwamba wanachunguzwa, siku hizi angezuiwa.) Baadaye akataka wapatane. Akawakutanisha kwenye chakula na sinema, wakarushiana chakula. Kilichowalainisha ni shida za wote: maji ya kambi yalipokatika wakalazimika kutafuta pamoja palipoziba, na lori la chakula lilipogoma wakalivuta wote kwa kamba.

Ninyi lori lenu la kuvuta mnalo, ni haya makundi ya watano, na ndiyo maana sikubaliani na mwenyekiti wala na vijana. Mkihesabu moja mpaka tano, mtu atadhaminiwa na asiyemjua, na siku ya rejesho atasema "mimi nilipangiwa". Mkiachia kila mtu achague wake, bodaboda watano wataenda pamoja na wakulima watano pamoja. Tatizo la hapo halihusiani na upendo. Ni kwamba watu wa kazi moja hukaukiwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo mkutano wa tatu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, na afisa maendeleo wenu bila shaka anaujua, maana kalenda ya misimu ni chombo cha siku nyingi cha kupangia mipango shirikishi ya vijiji. Chora chini vyumba 12, Januari mpaka Desemba. Kila mtu apewe punje tatu za mahindi na vijiwe vitatu. Punje aziweke kwenye miezi ambayo fedha hupatikana, vijiwe kwenye miezi ya ukata. Kiasi cha fedha hakitajwi. Ni miezi tu. Waende wale wawiliwawili wa mkutano wa kwanza, mmoja anaweka na kueleza, mwingine anasikiliza, kisha wanabadilishana.

Simama pembeni usikilize. Mkulima ataweka vijiwe miezi ya masika, mahindi yakiwa bado shambani na ghala limeisha, na punje zake zitaanzia Julai. Fundi simu ataweka punje karibu na za mkulima, naye atagundua labda kwa mara ya kwanza kwamba simu anazotengeneza mwezi wa nane zinatengenezwa kwa mahindi ya yule mzee anayemwita namba saba. Bodaboda atalia na tope la Aprili. Binti wa saluni atakuwa na Desemba nono na Januari kavu, wakati Januari hiyohiyo wenye watoto wanahangaika na sare na madaftari. Mama lishe atakuuliza Ramadhani aiweke wapi, maana mchana hauzi na mwezi wenyewe unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwache abishane na wenzake mpaka waipatie mahali. Mabishano hayo ndiyo kufahamiana kwenyewe. Hakuna aliyeambiwa afurahi, hakuna aliyeambiwa aruke, lakini kila mmoja anajua jambo moja la ndani la mwenzake ambalo si siri wala si aibu.

Halafu palepale, vyumba 12 vikiwa bado mchangani, waambie waunde makundi. Wachague wenyewe, kwa masharti mawili. Kila kundi liwe na watu wa mwembe na wa pikipiki, na pasiwe na kundi ambalo vijiwe vya wote vimeangukia mwezi mmoja. Mwenye kijiwe cha Aprili atafute mwenye punje ya Aprili. Mtu akichelewesha rejesho mwezi wake mkavu, mdhamini wake anakuwa na kitu mfukoni, na pia anajua kwamba mwenzake si tapeli, ni masika. Mko 27, kwa hiyo yatakuwa makundi matano, mawili ya watu sita; msigombane kwa hilo. Wahesabu fedha nao, kama bado wote wawili wanatoka upande mmoja, uchaguzi ujao awe mmoja huku na mmoja kule. Watu wakihesabu noti pamoja kila wiki hawahitaji kutambulishwa tena.

Amebaki mwenyekiti. Usishindane naye mbele ya wanachama, na usitumie tena neno mchezo ukiwa naye. Kwa mtu wa umri wake neno hilo linamaanisha kombolela. Mwendee mapema na daftari, mwonyeshe hesabu ya makundi, mwambie utaratibu huu ni wa kulinda marejesho, kwa kuwa ni kweli. Yote hayo yafanyike kabla sanduku halijafunguliwa, fedha zikishatoka nje watu watulie. Mwombe robo saa kila mkutano, isipokuwa ule wa tatu ambao utahitaji zaidi, na umwambie mapema. Saa ashike yeye. Akisema 15 zimeisha, zimeisha, hata kama Mngoni yuko katikati ya maneno yake. Ukizidisha, jitoze faini mwenyewe, uitie kwenye mfuko wa jamii mbele yake.

Shangazi